Kesi za Tumezoea

Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye saluni moja ya Katoro, nywele nusu zimesukwa na nusu zimesimama, dada wa saluni akafungua chupa ya mafuta ya nyonyo. Siku hizi kila mwanamke anayapaka, wanasema yanajaza nywele. Harufu yake si kali. Ni nzito tu, kama ya karanga zilizosahaulika kwenye gunia bichi. Dada alimimina kidogo kiganjani, akasugua mikono, akaileta kichwani kwangu, nami nikajikuta nimesimama, kitambaa kingali shingoni.

"Vipi dada, yanakuwasha?"

"Hapana. Nipake mengine."

"Haya ndiyo mazuri. Wenzako wanayagombania."

Nikamwambia anipake hata ya kupikia, mradi si hayo. Akacheka, akachukua ya nazi. Sikumweleza. Ningeanzia wapi kumwambia kwamba mara ya mwisho kuyanusa mafuta hayo kwa karibu, yalikuwa yanamiminwa kwenye koo la mbwa?

Mbwa huyo aliitwa Tumezoea. Mliokulia kwenye vijiji vyetu mnajua kwamba mbwa hapewi jina ili ajijue yeye; anapewa ili jirani ajue. Jirani yetu, Mama Limi, alikuwa na tabia ya kusimama kwenye ua wa minyaa kila Baba alipompiga Mama, na kuwauliza wapita njia kama na wao wamesikia. Mama alipoletewa mtoto wa mbwa, akampa jina hilo. Basi jioni ungemsikia akiita kwa sauti ya kuvuka ua, "Tumezoea! Tumezoea, njoo ule!" Mwezi haukuisha, Mama Limi naye akatafuta mbwa, akamwita Mtakoma. Wanawake hao hawakuwahi kugombana hata siku moja. Asubuhi walisalimiana "mwangaluka" kwa adabu zote, jioni wakaita mbwa.

Tuliishi upande wa Kahama, si mbali na Buzwagi, katika kitongoji cha wachimbaji wadogo wa dhahabu ambacho nyumba zake zilijengwa na watu waliodhani watakaa msimu mmoja. Baba alichimba kwenye duara, ndivyo tulivyoyaita yale mashimo. Mama alitwanga mawe nyumbani. Mimi, kaka yangu Masanja na mbwa ndio tuliokuwa watoto wa nyumba hiyo, na kati yetu sisi watatu, mwenye tabia nzuri alikuwa mbwa.

Kila kilichoharibika kwetu kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa Tumezoea. Maziwa yakipungua kwenye kibuyu, ni Tumezoea. Michembe ya viazi ikipungua juu ya mwamba ilikoanikwa, ni Tumezoea, ingawa Masanja alikuwa anatembea mashavu yamejaa. Baruti ikilipuka machimboni na sufuria zikacheza, Baba alimgeukia mbwa na kusema, "We Tumezoea, punguza maharage," nasi tukacheka mpaka tukakaa chini. Mbwa naye alikuwa na ugonjwa mmoja. Ukilitaja jina lake kwa sauti ya lawama, alilaza masikio, akatingisha mkia chini chini, akaja kwa kuburuta tumbo. Kila mgeni aliyeona alisema, huyu amekiri.

Baba alizipenda kesi zake. Siku akiwa na furaha alileta kigoda uani, akakaa kama hakimu wa mahakama ya mwanzo, akasema, "Mshitakiwa aletwe." Masanja alikuwa askari. Mimi nilikuwa shahidi.

"Shahidi, uliona nini?"

"Nilimwona anakunywa maziwa, mheshimiwa."

"Kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

"Mshitakiwa, una la kusema?"

Hapo Tumezoea alilala chali, miguu minne juu, lile tumbo lake lisilo na manyoya likiwa wazi. Baba alivua kandambili, akampiga tumboni mara moja, si kwa nguvu, akasema, "Umesamehewa. Usirudie." Mbwa aliinuka, akajikung'uta vumbi, akaenda kumlamba mkono. Sijawahi kuona tena kiumbe kinachofurahia msamaha kiasi kile.

Mimi alinibebea makubwa kuliko wote. Nilikojoa kitandani mpaka nikiwa darasa la pili. Asubuhi Mama aliinua godoro, akalinusa, akasema kwa sauti ya kumfikia Baba kule nje, "Huyu mbwa ameingia tena ndani." Alisema bila kunitazama, na mimi sikumtazama. Baba akapiga marufuku mbwa kulala ndani. Wakati wa mvua alilala chini ya mkokoteni, nikawa namsikia anakohoa. Nilijua ni kwa ajili yangu, na nililala usingizi mzuri tu.

Hivyo ndivyo nilivyoielewa dunia nikiwa mtoto. Nilidhani kosa ni kama mgeni, lazima litafutiwe mahali pa kulala, na nyumba yetu ilikuwa na bahati kwamba mahali hapo palikuwepo tayari, pana mkia, na hapaumii.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, jua kali. Baba alikuwa amepata mgawo wa mawe baada ya miezi mingi ya kurudi na vumbi tu. Mama alitwanga siku sita kwenye kinu cha chuma, akaosha ule unga kwenye karai, akauchanganya na zebaki, akakamua kwa kitambaa mpaka kikabaki kidonge cheupe. Baba akakichoma kwenye kijiko juu ya mkaa, kijiko kilekile tulichopakulia mboga. Moshi ulipokwisha, kidonge kilikuwa cha njano, na kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuona pale uani. Kilikuwa kama punje ya hindi, ya yale mahindi makubwa.

"Hii ni nyumba ya bati," Baba akasema.

Mama akaendelea kukunja kitambaa cha kukamulia. Punje zilizotangulia, ndogondogo, nazo zilikuwa nyumba ya bati mpaka zilipofika mjini zikageuka pombe. Na pombe iliporudi nyumbani iligeuka mambo mengine. Mwaka ule ilikuwa imemvunja Mama kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kikapona kikiwa kimepinda.

Mtu akaita kutoka barabarani. Alikuwa Shija, aliyechimba duara moja na Baba. Baba akaweka kijiko juu ya jiwe ili kipoe, akaenda kumsikiliza. Mimi nilikuwa mlangoni namenya karanga. Nikamwona Mama anatazama barabarani, kisha anaichukua ile punje kwa kidole gumba na kile kilichopinda, anaipuliza, anaitia mdomoni. Alipoinua uso akaniona. Akashusha kijiko chini polepole, na Tumezoea, ambaye hakuwahi kukiona kijiko asikifuate, akaja akakilamba.

Baba akarudi. Akalitazama jiwe, akatazama chini.

"Iko wapi?"

Mama akatikisa kichwa.

"Mama Masanja, nakuuliza wewe. Iko wapi?"

Baba alikuwa na namna ya kushusha bega la kulia kabla ya kupiga. Bega likashuka. Mama alikuwa amefunga midomo, kidevu kimekaza, na mimi pekee ndiye niliyejua kwamba hawezi kujibu kwa sababu jibu liko mdomoni. Basi nikajibu mimi. Nikasema kile ambacho kwetu kilisemwa siku zote.

"Ni Tumezoea."

"Tumezoea amefanya nini?"

"Amelamba kijiko, Baba. Amemeza."

Mbwa alisikia jina lake. Akalaza masikio, akaja kwa kuburuta tumbo, anajilamba midomo.

Msishangae kwamba Baba aliamini. Pale kitongojini, ukichinja kuku, kabla hujamkatakata unapasua firigisi na kuosha changarawe zake kwenye sahani, maana kuku wanadonoa mchanga wa mawe siku nzima. Mama Limi aliwahi kupata chembe kwenye firigisi, na mwaka mzima hakuna kuku aliyefika sokoni akiwa mzima. Mnyama kumeza dhahabu lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Lisilokuwa la kawaida ni mke kuitia mdomoni.

Mimi nilikuwa nasubiri wacheke. Nilisubiri kigoda. Baba akaenda kuchukua panga.

Mama akaingia ndani haraka, na alipotoka mdomo wake ulikuwa huru. Pindo la kanga yake lilikuwa limefungwa fundo dogo kiunoni.

"Baba Masanja, ukimpasua sasa hivi utaimwagia damu yote uani, utaitafutia wapi? Mfunge. Mbwa anakunya kama sisi. Kinachoingia kinatoka. Nyonyo ya kumharisha ninayo ndani."

Baba akasimama na panga lake, akafikiri, akaona ni kweli.

Na mimi nikaelewa, au nilidhani nimeelewa, na moyo wangu ukatulia. Mama anacheza. Atampa mbwa mafuta, ataosha mavi yake kwenye karai, na wakati ukifika atafungua fundo, ataidondosha punje ndani ya karai na kuita, jamani, tazameni. Watu watacheka. Baba atamfungua mbwa na kumwambia umesamehewa. Ilikuwa kesi kama zile nyingine, ila ndefu zaidi. Nikaona Mama ana akili kuliko watu wote.

Tumezoea akafungwa kwenye nguzo ya banda la kuku. Asubuhi na jioni Masanja alimpanua taya, Mama akamimina mafuta kwa chupa ya soda. Hakuuma mtu. Alikohoa, akameza, halafu akageuka kulamba mafuta yaliyobaki kwenye vidole vya Masanja. Kilichotoka kilipokelewa kwenye kipande cha gunia, na Mama akakiweka kwenye karai, akamimina maji, akakivuruga kwa mkono, akaanza kuosha kama anavyoosha mchanga: anazungusha, anainamisha, anaacha chepesi kiende na kizito kibaki. Dhahabu ni nzito, haiwezi kumponyoka mtu anayejua kuosha, na Mama alijua kuliko wanawake wote wa pale. Mimi nilichuchumaa ng'ambo ya karai. Sikutazama mavi. Nilitazama mikono yake, hasa kile kidole kilichopinda. Kila maji ya mwisho yalipoteleza kwenye ukingo nilisema moyoni, sasa. Maji yakaisha. Akanawa. Akasema, "Hamna. Labda jioni."

Habari zilienea. Siku ya pili asubuhi Mama Limi hakusimama kwenye ua, alipita mlangoni kabisa.

"Mwangaluka, Mama Masanja."

"Mwangaluka."

"Tumesikia mnaosha."

"Tunaosha."

"Basi na mimi nikae kidogo nione. Mbwa wangu hajawahi kunipa hata shaba."

Mchana wanaume walikuja wakitoka kazini, vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Shija ndiye aliyekuwa na mdomo.

"Baba Masanja, naona duara lako siku hizi lina mkia. Umefika mita ngapi?"

"Hajafika mwamba," mwingine akasema. "Bado yuko kwenye udongo laini."

"Weka magogo, kaka. Lisije likakuporomokea."

Mnunuzi wa dhahabu wa mjini, mzee wa Kiislamu mwenye heshima zake, akatuma salamu kwamba ikipatikana ataipokea, ila ioshwe mara saba, na mara moja iwe kwa udongo, kama dini yake inavyotaka kwa kilichoguswa na mbwa. Hilo watu walilicheka mpaka wakafuta machozi. Baba alicheka pamoja nao siku hiyo. Siku ya tatu alitabasamu tu. Siku ya nne hakutoka ndani, na nilimsikia akihama kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine kila kicheko kilipopanda.

Tumezoea alikwisha haraka. Mbavu zilitokeza, nyonga zikabonyea, miguu ya nyuma ikawa haimfuati vizuri. Lakini karai lilipotolewa alitingisha mkia, kwa sababu karai lilikuja na Mama, na Mama ndiye aliyekuwa anampa chakula tangu mdogo.

Siku hiyo ya nne nilimkuta Mama peke yake, anazungusha maji. Nikasogea mpaka karibu na sikio lake.

"Mama, iweke sasa."

Karai halikusimama. "Niweke nini?"

Nikatazama fundo lililokuwa kiunoni. Yeye hakutazama huko. Aliinamisha karai, akaacha maji yateleze, akasema kwa upole kabisa, "Kabula, kachote maji mengine."

Nikachukua ndoo, nikaenda kuchota maji.

Asubuhi ya siku ya tano Baba alitoka na kigoda. Nataka mnielewe jinsi nilivyofurahi. Niliona kigoda nikasema, yamekwisha. Alikiweka pale pale panapowekwa siku zote, akakaa. Watu walikuwepo, Shija na wengine watatu au wanne, Mama Limi na kanga yake kichwani. Mama alisimama pembeni na karai, amelijaza maji safi.

"Mshitakiwa aletwe."

Masanja akamfungua mbwa. Masanja alikuwa na miaka kumi na miwili hivi, na uso wake ulikuwa umeshajua kitu ambacho wangu haukujua. Alimleta mbwa kwa kumshika shingo, huku anatazama miguu yake mwenyewe.

"Shahidi."

Nikasogea mbele.

"Ulimwona huyu anameza?"

"Nilimwona, mheshimiwa."

Baba hakutabasamu kwa hilo neno. Aliinama mpaka nikaona mishipa myekundu kwenye macho yake. "Kabula. Sichezi. Uliona kwa macho yako?"

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba hakuna mchezo, na kwamba pengine haukuwepo tangu mwanzo. Nilimgeukia Mama. Naye alikuwa ananitazama. Hakuwa anasihi wala kutisha. Alinitazama kama anavyolitazama karai maji yakiwa karibu kuisha, kuona kitakachobaki. Nikaona kile kidole kilichopinda kimeshika ukingo. Nilijua nikisema neno moja bega la Baba litashuka, na safari hii halitakuwa suala la kidole. Nilijua pia nisiposema itakuwaje kwa mbwa. Yote mawili niliyajua kwa wakati mmoja, nikiwa nimesimama pale na gauni la shule, na watu wanasubiri.

"Kwa macho yangu," nikasema.

Tumezoea akalala chali. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa dhaifu, ilimchukua muda kugeuka, na miguu haikunyooka juu kama zamani, lakini alifanya sehemu yake ya kesi, akafungua tumbo.

Baba hakuvua kandambili. Kisu kilikuwa chini ya kigoda. Sitasimulia zaidi ya hili, kwamba chuma kilipogusa ngozi, kabla hakijazama, mkia ulitingishika.

Mama aliosha kila kitu. Alipasua utumbo kipande kwa kipande, akaukamua kwa vidole, akabadilisha maji mara tatu, na kila mara aliinamisha karai kwa utaratibu uleule, akaacha chepesi kiende. Hakuna aliyecheka. Shija alivua kofia yake ya kazini, akaivaa tena. Mama Limi aliondoka kabla hatujamaliza, tukamsikia ng'ambo ya ua anamwita mbwa wake aingie ndani, safari hii kwa sauti ndogo. Mimi nilibaki nimechuchumaa mahali pangu. Hata wakati huo, mbwa akiwa ameshakufa, bado nilikuwa natazama ile mikono. Nadhani nilitaka aidondoshe ili angalau Tumezoea awe na hatia.

"Hamna," Mama akasema, akanawa.

Mtu mmoja akatoa wazo kwamba lazima mbwa aliitoa porini kabla hajafungwa, ingawa alifungwa papo hapo. Wanaume wakachukua machekeche, wakaenda nyuma ya vyoo na vichakani, na kwa wiki nzima ungewaona watoto wa pale wakiokota mavi makavu ya mbwa, ya Mtakoma na ya wengine wote, wakiyaponda kwa mawe. Masanja alimzika Tumezoea peke yake chini ya mkokoteni. Jioni aliniuliza, "Kweli uliona?" Nikamwambia niliona. Alikuwa ndugu yangu wa pekee, na hata yeye nilimwambia niliona.

Kwa siku kadhaa tuliishi kwa uangalifu kama watu waliobeba mayai. Halafu mtungi wa maji ukavunjika.

Nilikuwepo. Ulimteleza Mama mkononi, kile kidole hakikuwa na nguvu tena. Ulianguka kwenye kizingiti, maji yakaenda mpaka kwenye jiko. Baba alikuwa ndani, amelala na pombe yake ya jana.

"Nani huyo?" akauliza.

Sisi watatu tulifungua midomo kwa pamoja. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, lile jina. Likabaki hapo. Masanja akafunga mdomo kwanza, kisha mimi. Tukasikia kitanda kinalia, Baba anainuka, anatafuta kandambili kwa miguu.

Mama alivitazama vigae. Akaitazama nguzo ya banda, kamba ilikuwa bado imefungwa pale. Kisha akanitazama mimi.

"Ni Kabula," akasema.

Alisema kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia zamani juu ya godoro, ya kumfikia Baba. Nikainamisha shingo. Sikulala chali, lakini nilielewa kwa nini Tumezoea alikuwa akilala. Kuna namna mwili unavyotaka jambo liishe upesi. Baba alinipiga kwa kandambili, na haikuwa mara moja, wala hakuniambia nimesamehewa.

Tangu hapo ilikuwa ni Kabula. Chumvi ikimwagika, ni Kabula. Kibuyu kikipungua, ni Kabula, na Masanja akipita mashavu yamejaa. Sikuwahi kubisha. Wote watatu tulijua mambo yanavyoendeshwa, na nafasi ilikuwa wazi.

Msimu uliofuata Mama alimwambia Baba anakwenda msibani kwao Kishapu, akatuchukua mimi na Masanja, na hatukurudi. Baada ya muda pale kwao ilisimama nyumba ya vyumba viwili, na juu yake bati jipya lililouma macho mchana. Hakuna aliyeuliza limetoka wapi. Nilisoma hapo mpaka darasa la tano, nikaacha, nikaanza kuzunguka. Nimepika Ibadakuli, nimeuza mitumba Ushirombo, nimefuata kila machimbo yaliyosikika Geita. Sijakaa mahali zaidi ya misimu miwili. Watu hudhani napenda kuona dunia, na ni kweli napenda. Lakini pia kitu kikipotea mahali ninapofanya kazi, hata sindano, huwa naondoka kabla hawajaanza kuuliza.

Baada ya siku ile ya saluni nilipanda gari kwenda Kishapu. Nilimkuta Mama amekaa sebuleni kwenye mkeka, anachambua dengu. Amezeeka vizuri, macho bado yanaona chembe. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kama nimekula. Nikakaa. Juu yetu bati lilikuwa linalia kwa joto, tik, tik, kama linavyolia siku zote saa nane.

"Mama, unamkumbuka Tumezoea?"

"Yule mbwa? Namkumbuka. Alikuwa mbwa mwema sana."

"Kwa nini hukuidondosha kwenye karai?"

"Kudondosha nini?"

"Mama, niliona. Uliitia mdomoni."

Kidole kilichopinda kilikuwa kinasukuma changarawe upande mmoja na dengu upande mwingine. Hakikusimama.

"Mbwa aliimeza, Kabula. Wewe mwenyewe ndiye uliyesema. Kwa macho yako."

"Tuliosha siku nne, Mama. Tukaosha na matumbo. Haikuwemo."

Akauinua ungo, akapuliza makapi, akautazama kama mtu anayekumbuka kazi ya zamani na kuona palipokosewa.

"Basi hatukuosha vizuri," akasema, akanisogezea ungo nimsaidie.